Séverin Wilondja, Fundi wa Vibao vya Risasi, 1964–2025

Mtu tunayemsindikiza leo, Séverin Wilondja, alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1964, mtaa wa Kalundu, mjini Uvira. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Asukulu na Mama Ernestina.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kalundu, kisha chuo cha ufundi cha misheni, alikohitimu useremala mwaka 1984. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: “Mpole, ila msasa anaupenda kuliko chakula. Hatoi kazi mpaka akasirikiwe.”

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Marie-Louise, wakajaliwa Estella na Peguy. Agosti 1998, wakati wa vita, mdogo wake Alain aliuawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yao. Familia ikavuka ziwa hadi Kigoma, ikakaa kambini, na mwaka 2003 ikafika Durban na kupanga chumba Albert Park.

Kwa miaka kumi marehemu alilinda magari kwenye maegesho ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo Bwana Steve, fundi magari mstaafu, alipomkuta akiunga mguu wa kiti chake bila msumari hata mmoja. Akamletea kibao cha mbao kilichopasuka, chenye matundu hamsini. Watu wa mchezo wa kulenga shabaha hujaza upya risasi zao nyumbani. Maganda matupu husimamishwa kwenye kibao kama hicho, baruti ikamiminwa, kisha mwenyewe humulika kwa tochi kuhakikisha hakuna ganda lililotiwa baruti mara mbili. Likitiwa mara mbili, bunduki inaweza kumpasukia usoni.

“Unaweza kunitengenezea kingine?” Steve aliuliza.

Baada ya siku tatu marehemu akauliza, “Hizo risasi zinaenda wapi?”

Steve hakuchukia. Jumamosi alimpeleka kiwanjani akaone. Aliporudi, marehemu alimwambia mkewe, “Wanatoboa karatasi, wanaokota maganda yao, wanakwenda zao.” Jumatatu alikwenda Cato Manor kwa seremala mmoja, akanunua vipande vya mninga na kuomba kutumia mashine yake ya kutoboa.

Kibao cha kwanza alikiuza randi sitini. Habari zikaenea, oda zikawa nyingi, na kwa bei ile alilazimika kukimbiza kazi ili apate chochote. Mei 2016 Steve alimpigia simu: maganda hayakuwa yakisimama sawa kwenye kibao kipya. Marehemu alipima akakuta kizuizi cha mashine kinachopima kina kilikuwa kimelegea, na matundu mengine yalikuwa na kina kirefu kuliko mengine. Ganda lililozama haliwezi kulinganishwa na jirani yake. Vibao vya namna hiyo vilikuwa vimeuzwa kumi na tisa.

Steve akamshauri awapigie wenyewe simu, basi. Marehemu akakataa. Kwa wiki mbili alipanda taxi hadi milango ambayo hajawahi kubisha, akaeleza kosa lake, akachukua kibao, na baadaye akarudisha kipya bila malipo. Kibao cha mwisho alikipata Pinetown, kwa mjane mmoja ambaye mumewe alikinunua na hakuwahi kukitumia. Alikaa naye akanywa chai.

Aliporudi, Marie-Louise, ambaye anasuka nywele saluni mjini, alimketisha. “Papa Estella, hii bei iko ya mbao tu. Mikono yako iko bure? Ukiuza rahisi, unakimbia. Ukikimbia, utaua mtu.” Wakapanga pamoja: mbao, saa nne za kazi, msasa, mafuta ya kupaka, nauli, na kile kibao kimoja katika kumi kinachoharibika. Ikawa two-forty, yaani randi mia mbili na arobaini. Mteja mmoja alilalamika kwamba cha plastiki dukani ni nusu ya bei. “Eish, kanunue hicho,” marehemu akamjibu kwa upole, “nacho ni kizuri.” Yule bwana akacheka, akalipa. Tangu hapo marehemu hakutengeneza zaidi ya vibao viwili kwa siku, na kila tundu alilipima kabla kibao hakijatoka mkononi. Kazi hiyo ilimsomesha Peguy hadi akawa muuguzi.

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo. Januari madaktari wakagundua saratani ya ini. Aliomba asilazwe mbali na watu wake. Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa moja asubuhi, Peguy akiwa amemshika kifundo cha mkono akihesabu mapigo.

Ameacha mjane, Marie-Louise, watoto wawili, Estella na Peguy, wajukuu watatu, dada yake Coletha, na mama yake mzazi, Mama Ernestina, mwenye umri wa miaka themanini na mbili, ambaye anausikiliza wasifu huu kutoka Uvira kupitia simu aliyoishika Coletha hapa mbele.

Mama, mwanao amevishwa suti ya kijivu. Watu ni wengi, na mvua haijanyesha.

Mungu amlaze Séverin mahali pasipo na vita.