Darrell Tveit na Wastani wa Siku Kumi

Marehemu Darrell Tveit, ambaye historia yake inasomwa na mkewe Maren kwa kuwa ndugu wengine wameshindwa, na Maren mwenyewe tangu Jumanne anajiuliza ni siku ipi hasa alipaswa kupiga simu, alizaliwa tarehe 2 Juni 1988 huko Cloquet, Minnesota, mtoto wa pili wa Bwana Orrin na Bi. Lucille Tveit.

Alisoma hapo hapo Cloquet hadi akamaliza sekondari mwaka 2006, na tarehe 4 Septemba 2007 akaajiriwa kupima uzito wa nafaka kwenye ghala la bandarini Duluth, kazi aliyoifanya hadi mwisho, na ni huko, kwenye meza ya chakula cha mchana, alikojifunza kununua na kuuza hisa kwa kufuata mistari, yaani unachukua bei za siku nyingi, unatafuta wastani, unachora, mstari wa siku chache ukivuka juu ya ule wa siku nyingi unanunua, ukishuka chini yake unauza, bei ya siku moja huisikilizi, ni kelele tu. Wenzake walimtania, "Profesa, leo ninunue au nile mkate wangu kwanza?" naye akijibu, "Kula, mstari bado haujavuka," na kweli mara nyingi hakukosea.

Alifunga ndoa na Maren tarehe 19 Septemba 2020 katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti, Signe, tarehe 8 Julai 2024, ndiye huyo anayelia pale nyuma, mtuwie radhi.

Tarehe 14 Januari 2025 alikutwa na presha, daktari akampa dawa na kipimo cha nyumbani, akamwambia namba ya juu ikivuka 180 asingoje, aje, na hapa ndipo Maren anapochanganyikiwa, kwa sababu Darrell alimeza dawa, alipima kila asubuhi, aliandika, hakuna mgonjwa mwangalifu kama yeye, ila alichora wastani wa siku kumi, na kilichosubiriwa kivuke 180 kikawa ni huo wastani. Jumapili tarehe 9 Machi kipimo kilisoma 196, Maren ameshika simu, akamwambia, "Darrell, twende, tafadhali," naye akacheka, "Wewe nawe, siku moja tu hiyo, wastani ni 176, acha mstari uthibitishe kwanza," na Maren akaiweka simu chini, kwa sababu mistari ilikuwa haijawahi kuwaangusha, kwa sababu yeye hesabu zile hazijui, kwa sababu mtoto alikuwa analia, hajui hasa kwa nini aliiweka. Jumanne tarehe 11 Machi, saa moja asubuhi, kiharusi kilimwangusha jikoni, akafariki hospitalini saa nne na dakika ishirini, na wastani wa mwisho aliouandika ni 179.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemwambia Maren bila kuficha kwamba angeletwa Jumapili ile pengine angepona, pengine asingepona, majirani waliozoa theluji mlangoni bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake Darrell, ambao mmoja wao alimwambia Maren, "Dada, usijilaumu, hata sisi tungengoja," na Maren mpaka sasa hajui kama hiyo ni faraja.

Jana asubuhi Signe alikohoa mara mbili, Maren akapiga simu, muuguzi akasema, "Mama, mafua tu hayo, mwangalie siku mbili tatu," naye akamvika mtoto koti akampeleka hospitali hivyo hivyo.

Pumzika kwa amani, Darrell, na umsamehe mkeo, kungoja hawezi tena.