Pajama Iliyogeuzwa

Redio ilikuwa imetabiri theluji kesho, na abiria wote wa basi la mjini Duluth walikuwa na la kusema. Glenda aliisogeza kofia yake ya sufu ili sikio lipate nafasi. Kwenye kiti cha mbele yake, baba mmoja wa miraba minne alikuwa akimshtaki mwalimu mkuu wake wa zamani, bikizee mwembamba.

"Mwalimu Haugen, kila theluji ilipotabiriwa nililala nimegeuza pajama, mishono nje, kama watoto wote, ili ianguke nyingi ufunge shule. Miaka saba! Hukufunga hata siku moja!"

"Duane, baba yako ndiye aliyeendesha greda la kuondoa theluji. Alfajiri barabara haina hata chembe ya theluji. Kagombane na mzee wako."

Glenda aliuma glovu asicheke.

"Huruma je, hukuwa nayo?"

"Binti yangu Kirsten naye alikuwa akigeuza. Namwona, nazima taa, asubuhi namburuta darasani."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Anafundisha palepale. Watoto thelathini na wawili! Jana alisinzia mezani kwangu, kijiko kimo mdomoni."

Bikizee akachungulia mawingu dirishani, akavuta kamba ya kengele.

"Bado nasema ulituonea," Duane aling'ang'ania.

"Sema utakavyo, mwanangu."

Basi liliposimama, bikizee akainuka. Chini ya koti lake zito Glenda akaona suruali ya pajama ya maua, mishono nje.