Majina Ambayo Mama Alikataa Kufuta

Mchungaji, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, naitwa Kamene, kifungua mimba wa marehemu, familia imeniomba nisome historia hii ya maisha yake, imeniomba pia nipunguze hasira, na hilo la pili sikuahidi.

Mama yetu, Kathini Kisilu, alizaliwa Illasit tarehe 14 Machi 1961, akasoma huko shule ya msingi na Kajiado sekondari, akasomea ualimu, na mwaka wa 1984 akaanza kufundisha historia Namanga, alikokutana na baba yetu, Kisilu, wakafunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakatupata mimi na Kiema.

Tulihamia Kitengela mwaka wa 1993. Juzi nilikuwa nimeandika 1994, nilipoisoma nyumbani jirani yetu Mama Naipanoi akanikatiza, "Wacha uongo, Kamene, ni tisini na tatu, mimi ndiye niliwaletea maziwa," nami nikarekebisha.

Mwaka wa 1996 mama alijiunga na chuo kikuu kwa shahada ya uzamili, akaandika tasnifu kuhusu jinsi watu walivyokuja kuishi Kitengela, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika kitabu kuwahusu, alienda kwa matanga kutoka Ngong hadi Namanga, akaomba ruhusa ya wafiwa, akanasa kwa kaseti historia kama hii, na kwa marejeleo akaweka jina la msomaji, la marehemu, mahali na tarehe. Msimamizi wake, Daktari Kivuva, alisema hayo ni maneno ya matanga, hayana namna ya kuandikwa kwa marejeleo, afute yote alete vitabu. Mama akamjibu, "Kitabu kikikosea mwaka, ni nani husimama akakisahihisha mbele ya jeneza?" Hakufuta, na shahada hakupewa, mpaka leo.

Aliugua saratani mwaka wa 2006, akafundisha hadi miguu ikakataa, akatuacha tarehe 9 Agosti 2008.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na Mama Naipanoi, ambaye wiki hii ameleta maziwa tena. Daktari Kivuva, asante pia kwa kufika, naambiwa utatoa rambirambi, na kwamba umeomba nakala ya historia hii usije ukakosea tarehe. Nakala utapewa. Lakini sema ulikoitoa: Kamene Kisilu, historia ya marehemu Kathini Kisilu, imesomwa mbele ya waombolezaji, Kitengela, 16 Agosti 2008. Namna ya kuiandika ndiyo hiyo, na ilikuwa mezani kwako miaka hiyo yote.

Mama, sasa pumzika kwa amani, hakuna jina lililofutwa.