Ng'ombe wa Nne

Kinyozi alikuwa amezoea kusikia ya watu na kujifanya hana masikio. Hata basini alitazama dirishani huku akiwategea sikio wawili waliokaa mbele yake: bwana mifugo mwenye faili, na mama mfugaji aliyepakata mfuko wa mbegu za majani ya ng'ombe.

"Ng'ombe tisa, lita kumi na nane kwa siku," bwana mifugo alisema. "Na wote tisa wanabeua gesi inayoongeza joto duniani, mwenye maziwa na asiye nayo. Bakiza watano, uwalishe vizuri. Maziwa hayatapungua, gesi itapungua."

"Kuwalisha nimekubali, mbegu si hizi hapa? Na watatu nitauza, sina ubishi. Wa nne ndiye ananishinda."

"Yule asiyezaa?"

"Amezeeka tu. Maziwa yake ndiyo yaliyosomesha wanangu."

"Hesabu haijui hayo, mama."

Kinyozi aliona kwamba hata msemaji mwenyewe hakuyapenda maneno yake.

Mama aliuvuta mfuko wa mbegu karibu na kifua. "Mzee kama yule atanunuliwa na nani?"

"Mchinjaji."

"Haya. Jumamosi nitashinda shambani nikipanda hizi mbegu. Njoo wewe umfungue kamba. Muite Bibi, atakufuata mwenyewe. Hajawahi kumwogopa mtu."

Basi likasimama. Kilikuwa kituo cha bwana mifugo, na konda alikitaja mara mbili, lakini yeye alikuwa bado ameketi, faili mapajani.