Milango Sitini na Moja ya Amarjit

Ndugu, jamaa na majirani mliofika ukumbini hapa Saltley, Birmingham, mimi ni Cleopas Mutiso, kaka wa mjane wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu, ingawa niliwasihi wamtafute mtu mwingine.

Marehemu Amarjit Singh alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Makindu, Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa reli, akasoma shule ya msingi papo hapo na sekondari Machakos hadi mwaka 1973, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu. Mwaka 1974 alihamia Birmingham na wazazi wake, akafanya kazi katika kiwanda cha mabomba ya shaba kule Nechells mpaka kilipofungwa mwaka 1991, kisha akawa mtunza majengo ya shule Hodge Hill hadi alipostaafu mwaka 2021.

Uchoraji hakufundishwa na mtu. Alianza mwaka 1983, akichora juu ya milango ya makabati iliyotupwa, watu wake wote wakiwa warefu kama nyumba, viganja vikubwa, na chini ya miguu ya kila mmoja jina lake, akionyesha jinsi Wahindi wenzake walivyokuwa wakibadilika: akina mama wakiendesha mabasi, wazee wakilishwa na wageni katika nyumba za wazee, bibi harusi akiwa amevaa raba. Haya nimeandikiwa na binti yake, kwa sababu mimi sikuwahi kumwomba anionyeshe hata picha moja.

Alimwoa dada yangu Mumbua, muuguzi, tarehe 9 Julai 1994, ndugu za Amarjit wakasusia harusi, na tarehe 2 Novemba 1996 wakajaliwa huyo binti, Harleen Mueni.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, akalazwa tarehe 20 Januari 2025, na madaktari walipotuambia anarudi kufia nyumbani, sisi watu wa kanisa la dada yangu, kama ilivyo kawaida yetu panapotarajiwa wageni, tulikwenda kutoa vitu sebuleni ili watu wapate mahali pa kuketi na kuomba. Milango ilikuwa imegeuzwa ukutani, rangi isipigwe na jua, tukaona bawaba na mbao kuukuu tu, nami nikidhani picha ziko chumba cha juu nikaamuru milango hiyo itolewe. Tarehe 25 Februari, dada yangu na binti yake wakiwa hospitalini, tuliipeleka jaani yote sitini na moja, tukiimba, na mlango wa mwisho ulipopinduka ndipo nikaona nyuso, mashine ikiwa imeshasaga mingine.

Amarjit alirudi tarehe 27 akaziulizia picha zake, kwa kuwa alitaka zipangwe kuzunguka jeneza lake, nikamjibu kwamba ziko stoo ya kanisa, zimefunikwa vizuri, akanishika mkono kunishukuru, na tarehe 8 Machi alfajiri akaaga dunia. Dada yangu naye aliamini hivyo hadi juzi, alipoomba ufunguo wa stoo. Ndiyo maana kuta hizi ni tupu, na ndiyo maana haketi karibu nami.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Sukhjinder aliyemnyoosha miguu kila asubuhi, na walimu aliofanya nao kazi. Kila mtu sasa ameambiwa isipokuwa mmoja.

Pumzika kwa amani, shemeji Amarjit. Stoo ile haina picha hata moja.