Hita ya Kumpandisha Magreth Nkoaranga

Kijiwe chetu hapa Lemara ni benchi moja, jiko langu la mkaa na birika la kahawa. Mwezi wa saba huu mlima hatuuoni, ni mawingu na manyunyu tu, mtu akiongea anatoa moshi mdomoni. Asubuhi hiyo Abdiel kaja na gari yake, Noah, kafungua boneti, kashika kiuno. Mke wake Magreth karuhusiwa hospitali na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, na kwao ni juu kule Nkoaranga kwenye baridi. Sasa hita inapuliza baridi.

— Shikamoo Bibi.

— Marahaba baba. Kunywa kwanza.

— Haishuki Bibi. Magreth yuko hapo kwa shangazi yake, ananisubiri.

Khalfani, tunamwita Redio maana hazimi, akasogea.

— Kwani hiyo hita ilikuwaje?

— Fundi aliikata zamani, akasema Bongo hita ya nini. Jana nimerudishia mipira yake ya maji, nikajaza. Injini inapata moto, huku ndani friji.

— Gari ya Kijapani hiyo, imekumbuka kwao.

— Redio, acha bwana.

— Au maji! Umechota wapi?

— Nyumbani, juu.

— Ndiyo hayo! Maji ya mlimani yana baridi ya kuzaliwa. Hata uyachemshe yanakudanganya tu.

— Na kahawa unayokunywa nimepikia maji ya Dubai? nikamuuliza.

Lekishon akacheka. Huyu tunamwita Tingo, ujana wake wote kamalizia kwenye malori.

— Ni upepo, Abdiel. Ulijaza maji haraka, upepo ukabanwa kule kwenye hita, maji ya moto hayapiti. Acha ipoe, uielekeze pua juu, upepo utoke.

Ikapoa. Abdiel akaipandisha kwenye kamwinuko, akafungua kifuniko cha rejeta, hita akaweka moto mpaka mwisho, akawasha gari. Tingo anaminya mpira, anaachia. Mapovu yakaanza kidogo kidogo. Maji yakishuka, Abdiel anaongeza.

— Mnajisumbua, Redio akasema. Mtoto wa hivyo anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, manesi wenyewe wanasema. Mama ndiye hita. Hita mbili za nini?

Kumbe Magreth kashafika, kasimama nyuma yetu. Mtoto yuko ndani ya kitenge, unaona kakofia ka sufu tu. Midomo ya mama imepauka.

— Yeye anapata kwangu, akasema. Na mimi napata wapi?

Redio akaangalia kikombe.

Mimi nilizaa kule kule, mwezi kama huu. Mama mkwe aliingiza mbuzi chumbani tupate joto. Watu wakaja, kila mtu anamshika mtoto, anasema huyu ana joto, asante Mungu. Mgongo wangu umeganda, hakuna aliyeushika.

Nikamsogezea Magreth jiko, nikamsugua mgongo.

— Minya Tingo, minya! Abdiel akasema.

Redio naye akaweka kikombe chini, akaenda kushika dumu la maji. Rejeta ikakoroma, ikacheua povu moja kubwa, maji yakashuka gluu. Wakaongeza. Abdiel akakimbilia ndani, akaweka kiganja pale panapopuliza.

— Mama, njoo.

Magreth akaingia, akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye joto. Tingo hajamaliza kukaza kifuniko, mwenzetu kashalala, mkono mmoja juu ya kakofia.

— Boneti isipigwe, Redio akanong'ona.

Abdiel akaishusha boneti kwa viganja viwili, polepole, akaikandamiza mpaka ikashika.