Fundi Mchina na Pakacha

Celina alikuwa anaenda kufundisha kwa mara ya kwanza maishani: cheti cha chuo kwenye pochi, na wanafunzi ishirini wanamsubiri kiwandani, wengi umri wa baba yake. Basi la UDA lilipoondoka Magomeni, mzee wa kofia aliyekaa mbele yake akaanza kumsimulia mama aliyekaa pembeni yake, Celina akasahau hata woga.

"Fundi Chen, Mchina wetu wa mashine za kufuma, wiki mbili nzima anatuuliza, mna swali? Kimya! Sisi kwetu fundi hahojiwi, unamtazama mikono tu. Siku moja akaokota kuti uani, akakaa chini mavumbini, mkalimani akaniambia: Mzee Abbasi, anataka umfundishe kusuka pakacha."

"Chini? Mwalimu mzima?" Mama akashtuka. "Kwetu Machame angechekwa mpaka leo!"

"Tulicheka, mama, mbavu hatuna! Anauliza kama mtoto wa chekechea. Kesho yake sisi ndio tukamuuliza, mpaka akakosa chakula cha mchana."

Jamani! Celina kwenye daftari lake alikuwa ameandika: maswali, dakika tano.

"Kajivunjia heshima bure."

"Kaipata, mama!"

"Kaivunja!"

Basi likasimama Kariakoo, bado wanabishana. Celina akamwahi mzee mlangoni.

"Shikamoo mzee. Samahani, pakacha unaanzia wapi kulisuka?"

"Marahaba." Mzee akamtazama vidole. "Shuka kwanza, mwanangu. Hilo nitakujibu kwa mikono, si kwa mdomo."